Nani Mwenye Haki ya Kusema Kazi Imekwisha?

Kila asubuhi, katikati ya Firenze, jiji la Italia ambalo wengi hulijua kwa jina la Florence, wageni husimama mbele ya kanisa kuu la Santa Maria del Fiore na kuinua simu zao. Wanatazama ukuta wa marumaru nyeupe, kijani na nyekundu uliosheheni sanamu, na wengi wao huamini kwamba wanatazama kazi ya enzi ya Renaisansi, ule mwamko wa sanaa na elimu wa karne ya 15 na ya 16 uliolipa jiji hili sifa yake. Ukuta huo ulizinduliwa tarehe 12 Mei 1887. Beit el Ajaib ya Unguja, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, ni kongwe kuliko uso huu wa kanisa uliochapwa kwenye kadi za posta duniani kote.

Hakuna aliyewadanganya wageni hao. Msingi wa kanisa uliwekwa mwaka 1296 chini ya usimamizi wa Arnolfo di Cambio, na uso wake wa kwanza ukapanda sehemu ya chini tu, kisha ukaachwa. Mwaka 1587 hata kile kidogo kilichokuwapo kilibomolewa kwa kuonekana kimepitwa na wakati. Kwa miaka mia tatu jengo kuu la jiji likawa na ukuta mtupu upande wa mlangoni, mpaka msanifu Emilio De Fabris aliposhinda shindano la kuuvisha marumaru. Naye alifariki mwaka 1883, hakuuona ukizinduliwa.

Kanisa hili, basi, lilikamilika lini? Ni mwaka 1436, kuba ilipofungwa na Papa Eugenio IV akaliweka wakfu? Ni 1471, tufe la shaba la mchongaji Verrocchio lilipopandishwa kileleni? Au ni 1887? Kila tarehe ina watetezi wake, na kila mtetezi ana fikra yake juu ya maana ya kukamilika.

Mwanafalsafa Aristotle alilipatia jambo hili fasili fupi: kitu kamili ni kile ambacho huwezi kukuta hata sehemu yake moja ikiwa nje yake. Fasili hiyo inamfaa samaki na inaufaa mnazi, kwa sababu viumbe hivyo huja na orodha ya viungo vyao tayari. Kazi ya mkono wa binadamu ina shida nyingine. Orodha ya sehemu zake huandikwa wakati kazi inaendelea, hufutwa, huandikwa upya, na mara nyingi anayeandika mstari wa mwisho si yule aliyeandika wa kwanza. Anayetembea Firenze kwa makini atakutana na jambo hili karibu katika kila mtaa, na taratibu swali litabadilika. Badala ya kuuliza kazi imekamilika lini, ataanza kuuliza ni nani mwenye haki ya kuikamilisha.

Kuba ndipo pa kuanzia. Mwaka 1367 wananchi wa Firenze waliidhinisha kielelezo cha kanisa chenye kuba pana kiasi cha mita 45, iliyopaswa kuanzia zaidi ya mita 50 kutoka ardhini. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua jinsi ya kuijenga. Njia ya kawaida ya kujenga tao ilikuwa kusimamisha kiunzi cha mbao chini yake, kikalibeba mpaka chokaa ishike. Kwa upana na kimo kile, mbao za kutosha zisingepatikana kwa urahisi, na hata zikipatikana, uzito wake wenyewe ulikuwa tishio. Hata hivyo kielelezo kilipita, na wasimamizi wa ujenzi wakaapishwa kukifuata. Waliopiga kura walijua wanawaachia wajukuu wao tundu kubwa juu ya altare.

Tundu hilo lilikaa wazi nusu karne. Mwaka 1418 likatangazwa shindano, na aliyepata jawabu alikuwa Filippo Brunelleschi, mtu aliyefunzwa usonara. Kuanzia 1420 alijenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, bila kile kiunzi kikubwa. Katika kila mzunguko wa matofali yaliyolazwa, mafundi wake walipachika mengine yaliyosimama wima, nayo yakapanda kwa mshazari kutoka mzunguko hadi mzunguko. Yale ya wima yaliyabana yaliyolala yasiteleze kabla chokaa haijakauka, na kila mzunguko uliofungwa ukajibeba wenyewe. Alipofariki mwaka 1446, ule mnara mdogo wa juu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Wengine waliumalizia kwa kufuata mpango wake.

Kuna ujasiri wa aina yake katika kura ile ya 1367. Leo serikali au kampuni ikianzisha mradi bila kujua utaishaje, wakaguzi huja mbio, na wana sababu. Lakini watu wa Firenze hawakuanza kwa uzembe. Walijifunga kwa kiapo, wakaweka kipimo, na wakaacha nafasi kwa akili ambayo ilikuwa haijazaliwa: Brunelleschi alizaliwa mwaka 1377, miaka kumi baada ya kura. Kutokamilika kwao kulikuwa ahadi yenye vipimo, na yule aliyekuja kuitimiza hakuwa na haja ya kujiuliza kama ameingilia kazi ya watu. Walikuwa wamemwita.

Ukizunguka nyuma ya kanisa hilohilo ukainua macho mpaka chini ya vigae vyekundu vya kuba, utaona habari tofauti. Kuba ina pande nane. Upande mmoja, wa kusini-mashariki, una baraza ya marumaru yenye matao madogo, safi na nadhifu. Pande saba zilizobaki ni ukuta wa mawe usiopambwa. Baraza hiyo ilibuniwa na Baccio d'Agnolo mwanzoni mwa karne ya 16, na inasimuliwa kwamba mchongaji Michelangelo aliifananisha na kizimba cha nyenje. Kazi ikasimama. Imepita miaka mia tano, upande uliopambwa haujabomolewa na zile saba hazijapambwa. Hapa hapakuachwa ahadi kwa yeyote. Kilichoachwa ni ubishi uliogandishwa katika jiwe, na jiji limekubali kuishi nao, jambo ambalo majiji mengi yasingelistahimili.

Katika jumba la Accademia swali linahama kutoka kwa umma kwenda kwa mtu mmoja na tindo yake. Watu hupanga foleni kumwona Daudi wa Michelangelo, mwenye kimo cha mita 5 na ushee, na wachache hukumbuka kwamba naye alianza kama kazi iliyomshinda mtu mwingine. Jiwe lake lilianza kuchongwa na Agostino di Duccio mwaka 1464, likaachwa. Antonio Rossellino akalijaribu, akaliacha pia. Lilikaa katika yadi ya kanisa kuu likipigwa na mvua na jua hadi mwaka 1501, lilipokabidhiwa kijana wa miaka 26. Akalimaliza mwaka 1504. Lilikusudiwa kupanda juu ya kanisa kuu. Kamati ambayo ndani yake walikuwamo wachoraji Leonardo da Vinci na Botticelli ikaketi kujadili, na mwishowe sanamu ikawekwa mbele ya jumba la serikali. Mwaka 1873 ikahamishiwa ndani ya Accademia, na baadaye uwanjani ikasimamishwa nakala. Hata kazi ambayo kila mtu anakubali imekamilika imeendelea kupewa maana mpya na watu ambao mchongaji hakuwajua.

Kabla ya kumfikia Daudi, mgeni hupita katikati ya watumwa wanne wa mawe. Wamejulikana kama Wafungwa, na Michelangelo aliwaanza kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II, mradi alioagizwa mwaka 1505 ukiwa na mpango wa sanamu zaidi ya 40, ukapunguzwa mara kwa mara, na ukafungwa mwaka 1545 kwa kaburi dogo zaidi kule Roma. Wanne hawa hawakuhitajika tena. Mmoja ameinua mkono uliozama nusu ndani ya jiwe. Yule aitwaye Atlas hana kichwa. Mahali pa kichwa pana bonge ambalo anaonekana kulibeba. Alama za tindo yenye meno zinaonekana wazi kifuani na mapajani, na mtu anaweza kufuata jinsi mchongaji alivyoanza upande wa mbele na kuchimba kuelekea nyuma, kana kwamba mwili ulikuwa unamngoja humo.

Wapo wanaosema Michelangelo aliwaacha hivi kwa makusudi, ili kuonyesha roho ikipigana kujitoa katika kifungo cha mwili. Tafsiri hiyo inavutia, na ina hatari yake, kwa sababu inageuza mkataba uliovunjika kuwa hekima. Nyaraka zinaonyesha mtu aliyesumbuliwa na waajiri, fedha na siasa, aliyeondoka Firenze mwaka 1534 asirudi tena kuishi humo. Ni haki zaidi kumwacha abaki na hasara yake. Hata hivyo, hasara yake imetupa kitu ambacho sanamu iliyosuguliwa haiwezi kutoa, nacho ni njia ya mkono wenyewe. Kwa Daudi tunaona matokeo. Kwa Wafungwa tunaona uamuzi mmoja baada ya mwingine, ukiwamo ule ambao haukufanyika.

Mfano mkali zaidi uko katika jumba la Uffizi. Mwaka 1481 watawa wa San Donato a Scopeto walimwagiza Leonardo mchoro wa Mamajusi wakimwabudu mtoto Yesu. Mwaka uliofuata akaenda Milano, akiacha ubao wenye mistari na vivuli vya kahawia, farasi wakirukaruka nyuma, nyuso zikijitokeza gizani. Watawa walisubiri sana, kisha wakamwendea mchoraji Filippino Lippi, ambaye mwaka 1496 aliwapa mchoro uliokamilika, wenye rangi zote na kila vazi mahali pake. Michoro yote miwili sasa ni mali ya Uffizi. Watawa walikuwa sahihi: altare ilihitaji mchoro, na Lippi alitimiza ahadi. Walakini ni ule wa Leonardo ambao watu husafiri kuutafuta. Na Lippi anastahili heshima kwa jambo lisilosemwa sana, kwamba aliletewa haja ileile akaijibu kwa ubao wake mwenyewe, pasipo kupaka rangi juu ya mistari ya mwenzake.

Vita na maji vililifanya swali hili kuwa zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1944, jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma lililipua madaraja ya mto Arno, likaacha Ponte Vecchio peke yake na kuzivunja nyumba za kale zilizolizunguka. Mwaka uliofuata Bernard Berenson, bingwa wa historia ya sanaa, aliandika akitaka vyote vijengwe upya kama vilivyokuwa na pale vilipokuwa. Mwanaakiolojia Ranuccio Bianchi Bandinelli akampinga: kuiga mtaa wa kale ni kuwapa wazao uongo. Jiji likawasikiliza wote wawili. Nyumba za kando ya Ponte Vecchio nyingi zikajengwa kwa mtindo mpya. Daraja la Santa Trinita, kazi ya msanifu Ammannati ya miaka ya 1560, likarudishwa kama zamani kwa kutumia mawe yaliyopoliwa mtoni na mengine yaliyochongwa katika machimbo ya Boboli, na likafunguliwa mwaka 1958. Kichwa cha sanamu ya Majira ya Kuchipua iliyo kwenye ncha ya daraja kilipatikana mtoni mwaka 1961 tu. Kwa muda wa miaka mitatu daraja lilivukwa huku sanamu yake ikiwa haina kichwa.

Kisha ikaja gharika ya tarehe 4 Novemba 1966. Katika kanisa la Santa Croce maji yenye mafuta na matope yaliufunika msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13, na rangi yake karibu asilimia 60 ikapotea. Ukarabati ulichukua miaka kumi. Umberto Baldini na Ornella Casazza, waliouongoza, walikuwa na picha za zamani za kutosha kuuchora uso wa Kristo upya, na mafundi wenye ujuzi wa kufanya hivyo. Walikataa. Mapengo waliyajaza kwa mistari myembamba ya rangi kadhaa iliyopishana, ambayo kwa mbali huwa kivuli tulivu kisichochora chochote, na kwa karibu hujionyesha wazi kuwa ni mkono wa karne ya 20.

Kwa nini daraja lirudishwe na uso usirudishwe? Jawabu moja ni kwamba daraja lilikuwa kazi ya vipimo, ambayo tangu mwanzo Ammannati aliwaachia waashi waitekeleze. Mwashi wa 1958 alifanya aliyoyafanya mwashi wa 1567. Uso wa Cimabue haukupitia kwa wakala. Tofauti hii ina nguvu, ingawa haifungi mjadala, maana daraja nalo lilikuwa na mawe yenye alama za mikono ya watu fulani.

Mjadala huo ulirudi mwaka 2011 mbele ya kanisa la San Lorenzo, ambako familia ya Medici, watawala wa zamani wa jiji, imezikwa. Uso wake ni mawe ya kahawia yasiyosawazishwa, yanayongoja marumaru tangu Papa Leo X aliposaini mkataba na Michelangelo mwaka 1518 na kuuvunja miaka miwili baadaye. Kielelezo cha mbao cha mpango wake kimehifadhiwa Casa Buonarroti, hapohapo jijini. Meya wa wakati huo, Matteo Renzi, alipendekeza uso huo ujengwe sasa kwa kufuata mpango ule, na wananchi waulizwe kwa kura. Anayepima kwa kanuni ya daraja angeweza kukubali: vipimo vipo, machimbo yapo. Lakini mpango wa Michelangelo ulikuwa na sanamu nyingi, na sanamu hizo hakuzichonga. Yeyote ambaye angezichonga leo angelazimika ama kumwigiza, ama kusema kwa sauti yake mwenyewe kama alivyofanya Lippi. Pendekezo halikutekelezwa. Wachuuzi wa mifuko ya ngozi waliendelea na biashara katika mitaa ya jirani, na wanafunzi wakaendelea kula chakula cha mchana kwenye ngazi za kanisa.