Sauti kama Amana

Miongoni mwa maneno ambayo ufundi wa karne ya 20 uliyaazima kutoka katika lugha ya maadili, ni machache yaliyohama mbali na kwao kama neno uaminifu. Mhandisi Mwingereza H. A. Hartley alidai kwamba ndiye aliyeunda, mwaka 1927, istilahi ya Kiingereza inayomaanisha uaminifu wa hali ya juu katika kutoa sauti iliyorekodiwa, na kifupisho chake, hi-fi, kikaenea hadi kikawa jina la vyombo vyenyewe, yaani mashine ya santuri, amplifaya na spika zinazowekwa sebuleni kwa ajili ya kusikiliza muziki kwa makini. (Mswahili anapokitamka kifupisho hicho hujikuta amesema haifai, na ulimi wake unakuwa umetoa hukumu kabla ya sikio.) Swali linalozaliwa na istilahi hiyo ni la kifalsafa kabla halijawa la kiufundi: spika, ambayo si mtu wala haina nia, inaweza kuwa aminifu kwa maana gani, na kwa nani?

Jibu linalokuja kwanza ni kwamba uaminifu ni mfanano, yaani spika ni aminifu kadiri sauti yake inavyofanana na sauti asilia, na anayetaka hakika hana budi kuziweka mbili hizo pamoja na kuzilinganisha. Jibu hili limewahi kujaribiwa mbele ya hadhira. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilipeleka waimbaji katika kumbi za Marekani, wakasimama kando ya gramafoni na kuimba pamoja nayo, kisha taa zikazimwa na wasikilizaji wakatakiwa kutambua ni wakati gani mwimbaji amenyamaza na mashine inaendelea peke yake. Wengi walishindwa, jambo ambalo msikilizaji wa leo, anayejua jinsi gramafoni za enzi hizo zilivyokuwa na sauti finyu, huliona kama muujiza. Ila ilikuja kujulikana baadaye kwamba wapo waimbaji waliojifunza kuibana sauti yao ilingane na ya mashine. Asili ndiyo iliyoiiga nakala. Edgar Villchur, aliyeanzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1954 pamoja na Henry Kloss, alirudia jaribio la namna hiyo kwa uangalifu zaidi, akiwatumia wanamuziki wa Fine Arts Quartet, ambao walipiga fidla zao kwa muda, kisha wakaendelea kusogeza pinde bila kutoa sauti huku spika za AR-3 zikishika nafasi yao, na hata wasikilizaji waliozoea muziki huo walipata taabu kutaja pale mpito ulipotokea.

Majaribio haya, kwa jinsi yalivyofaulu, yanaonyesha kwa nini jibu la mfanano haliwezi kuingia nyumbani. Ulinganisho wa haki hutaka rekodi iliyonaswa mahali pasipo mwangwi, kwa sababu rekodi ya kawaida hubeba ndani yake mwangwi wa ukumbi ilimorekodiwa, na ikipigwa katika ukumbi mwingine mwangwi huwa mara mbili. Sebuleni hakuna wanamuziki waliokaa kando ya spika, wala rekodi zinazopigwa humo hazikutengenezwa kwa ajili ya jaribio. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za mwanzo Bombay mwaka 1928 na akafariki Zanzibar mwaka 1950. Anayezisikiliza leo hana asili ya kulinganishia, bali ana alama iliyochongwa kwenye santuri na chombo chenye sikio finyu kuliko la binadamu. Rekodi nyingi za baada ya miaka ya 1960 hazina hata asili ya kupotea: mwimbaji aliimba leo, mpiga ngoma akapiga wiki iliyofuata, na fundi akawakutanisha kwenye utepe, kwa hiyo tukio ambalo spika inatakiwa ifanane nalo halikupata kutokea popote kabla spika haijalitoa.

Hapa Kiswahili kinamsaidia mwenye kufikiri kuliko lugha ambamo istilahi ilizaliwa. Neno uaminifu lina undugu na imani, na pia na amana, yaani kitu anachokabidhiwa mtu akitunze na kukirudisha. Mwenye kuweka amana hamtaki mlinzi afanane naye. Anachotaka ni kwamba kilichowekwa kisipungue, kisiongezwe, na kisichanganywe na cha mwingine. Kwa kipimo hiki si lazima mtu amjue mwenye mali ndipo amjue mlinzi, kwa kuwa mlinzi aliyepokea amana za watu ishirini na kuzirudisha zote zikiwa na rangi moja na harufu moja amejifichua mwenyewe. Spika nayo hujifichua hivyohivyo. Ikipigwa taarabu, kisha kwaya, kisha jazi, na kila rekodi ikasikika kana kwamba imefanyika katika chumba kilekile kwa ala za mti uleule, basi spika imechanganya amana. Lakini tofauti kati ya rekodi na rekodi zikizidi kuwa wazi, hata zile zinazoudhi, kwani rekodi mbovu nayo husikika mbovu, msikilizaji ana sababu ya kuamini ingawa asili haijui.

Kisa kinachokijaribu kipimo hiki vizuri ni spika iitwayo Klipschorn, ambayo Paul W. Klipsch alianza kuiuza kutoka mji mdogo wa Hope, Arkansas, katika miaka ya 1940, na ambayo haijaacha kutengenezwa. Ni spika ya kusimama sakafuni, yenye kimo cha karibu sentimita 130, na kanuni yake ni ya pembe, yaani mfereji unaoanza mwembamba na kupanuka hatua kwa hatua, kama baragumu au kama siwa za Lamu na Pate, ili mtikisiko mdogo wa koni ya spika ubebwe hadi kwenye hewa ya chumba bila nguvu nyingi kupotea njiani. Tatizo la pembe ni besi: wimbi la sauti ya hezi 34 lina urefu wa takriban mita 10, na pembe iliyonyooka ya kulihudumia wimbi hilo ingehitaji mdomo mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Klipsch aliikunja pembe hiyo ndani ya sanduku la mbao, kisha akaliacha sanduku bila kulimalizia, kwa sababu husukumwa kwenye kona ya chumba, na kuta mbili pamoja na sakafu ndizo zinazokuwa mwendelezo wa pembe. Kiswahili kina neno moja, pembe, kwa baragumu na kwa kona; ni nadra lugha kumtangulia mhandisi kiasi hiki.

Sifa zinazotajwa na wanaoisikiliza zinatokana moja kwa moja na muundo huo. Kwa wati moja tu, kwa umbali wa mita moja, Klipschorn hutoa zaidi ya desibeli 100, ilhali spika nyingi za masanduku yaliyofungwa, AR-3 ikiwamo, hubaki chini ya 90, na kwa kuwa kila nyongeza ya desibeli 10 hudai nguvu mara 10, amplifaya ndogo ya wati 5 inatosha kuitikisa nyumba. Koni yake husogea kidogo mno, na kisichosogea sana hakipotoshi sana. Ndiyo maana mshindo wa ngoma hufika ukiwa mzima, na ukimya unaoufuata nao hufika mzima, pale ambapo spika ya kawaida ingekuwa imekwisha kubanwa. Kwa upande wa pili, pembe inayobeba sauti za kati huwavisha waimbaji rangi ambayo wasioipenda huifananisha na mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto huku ameweka viganja mdomoni, na kwa kuwa hugusa kila sauti kidogo, mlinzi wa amana anakuwa ameacha alama za vidole. AR-3 ina kosa la namna nyingine: ni tulivu, ina besi ya kina, na ni kana kwamba imefunikwa kanga nyepesi, kiasi kwamba hasira ya mwanamuziki hufika ikiwa imeshapozwa. Kati ya mlinzi anayeacha alama za vidole na yule anayepunguza kidogo kidogo bila mtu kuona, wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi, ingawa ni yeye ambaye ni rahisi kuishi naye.

Klipschorn, hata hivyo, inaleta ugumu ambao kipimo cha amana hakikuutarajia. Spika ambayo kuta za nyumba ni sehemu ya mwili wake haiwezi kuhukumiwa ikiwa dukani. Katika chumba chenye kuta nene na kona kamili besi yake hushuka chini, na katika chumba cha mbao nyembamba, au chenye mlango pale ambapo kona ilipaswa kuwa, besi hiyohiyo hukonda, hata wapo wanaojenga kona bandia za mbao nyuma yake. Mlinzi, kwa maana hiyo, ameitunza amana ndani ya nyumba ya mrithi, yaani msikilizaji, na mrithi akilalamika kwamba kuna kilichopungua, kwa sehemu analalamikia nyumba yake mwenyewe. Wanafalsafa wangeliita hili suala la uhusiano, yaani sifa isiyokaa ndani ya kitu kimoja bali huzaliwa kati ya vitu, kama udugu, ambao haumo ndani ya ndugu wa kwanza wala wa pili.

Ikiwa ndivyo, maelezo ya msikilizaji juu ya spika yake ni ushahidi wa aina gani? David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alichukua kutoka Don Quixote kisa cha watu wawili walioonja divai ya pipa moja: mmoja aliisifu ila akasema ina ladha kidogo ya ngozi, mwingine akaisifu ila akasema ina ladha ya chuma, watu wakawacheka wote wawili, hadi pipa lilipomwagwa na ufunguo wa zamani uliofungwa ukanda wa ngozi ukaonekana chini. Kwa Hume, kisa hiki kinaonyesha kwamba ladha si matakwa matupu. Kwa spika, kumwaga pipa ni kupima. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alionyesha kwamba watu waliofichiwa spika nyuma ya pazia hukubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya zipi bora, na mwaka 1994, pamoja na Sean Olive, akaonyesha kwamba pazia likiondolewa hukumu zao huvutwa na ukubwa wa sanduku na jina lililoandikwa juu yake. Mtu aliyeitafuta spika ya zamani miaka mitatu na kuilipia bei ya pikipiki ni shahidi mwenye maslahi. Ushahidi wake haukataliwi kwa sababu hiyo, ila hupimwa. Klipsch, ambaye nyuma ya ukosi wa koti lake alibandika beji ya njano yenye neno la Kiingereza lisilo la adabu lenye maana ya upuuzi, alikuwa na njia fupi zaidi ya kuupima.

Wanaopenda kumwaga pipa husahau, hata hivyo, kwamba ufunguo na ukanda wake vilieleza ladha ya chuma na ya ngozi tu, havikueleza kwa nini waonjaji wote wawili walianza kwa kuisifu divai. Umri nao haupimiki kwa urahisi. Kapasita, vifaa vidogo vinavyogawa sauti nene na nyembamba kwenda kila koni, hubadilika kadiri miaka inavyopita, na spika iliyobadilishwa kapasita na koni iko katika hali ya jahazi lililobadilishwa mbao zote likabakia na jina. Wakati huohuo sikio la mwenyewe, lililokuwa likisikia hadi karibu hezi 20,000 ujanani, hupoteza sauti za juu mwaka baada ya mwaka, bila kumjulisha.

Chombo na sikio, hata hivyo, si yote ambayo usikilizaji unayataka. Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika katika Ihya Ulum al-Din juu ya samai, yaani usikilizaji wa mashairi na sauti nzuri unaouamsha moyo, alipokea kauli ya Junaid wa Baghdad kwamba usikilizaji unataka mambo matatu, nayo ni wakati, mahali na wenzi. Wapenzi wa spika wamelishughulikia mahali kwa bidii ya kushangaza, wakati kwa kiasi, na wenzi karibu wamewasahau, kwa kuwa sauti ya spika mbili humweka mwimbaji katikati kwa mtu mmoja tu aliyekaa katikati, na ndiyo maana vyumba vingi vya namna hiyo vina kiti kimoja. Klipsch aliliona hili mapema. Mwaka 1957 alitoa spika ndogo isiyohitaji kona, iwekwe kati ya Klipschorn mbili, ili na wale waliokaa pembeni wamsikie mwimbaji akiwa mahali pake. Na kwa sababu iliivunja kanuni aliyoihubiri mwenyewe kwa miaka mingi, spika hiyo ilipewa jina la Heresy, ambalo kwa Kiswahili ni uzushi katika dini.