Keti Kwanza, Uhesabu

Wapendwa wa Kurui, fungueni Injili ya Luka, sura ya 13. Yupo mama aliyepinda mgongo miaka 18. Vukeni hadi sura ya 14, mstari wa 28: yupo mtu anayetaka kujenga mnara, naye anafundishwa kuketi kwanza ahesabu gharama. Leo nawakutanisha hawa wawili, maana mgongo wa yule mama unaisubiri kalamu ya huyu mjenzi.

Mama huyo tunaye. Ameinama tangu alfajiri akipalilia mihogo, msimu wa korosho akaokota akiwa ameinama vilevile, jioni akajitwika ndoo ya maji. Mumewe kapakia magunia ya mkaa mpaka kiuno kimegoma. Ukiwauliza, "Aa, uzee tu huu." Wanameza vidonge vya dukani, leo viwili, kesho vitatu. Lakini dawa ya maumivu kama diklofenaki ikimezwa kiholela huweza kuchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mficha maradhi, kilio humfichua!

Bwana alianzaje na yule mama wa Injili? Kabla ya kumponya, alimwona, akamwita. Sisi je? Iulizeni kamati ya zahanati yenu: wenye maumivu ya mgongo, nyonga na magoti yaliyopita miezi 3 ni wangapi? Jibu likikosekana, jueni hawajaonwa. Asiyehesabiwa hapangiwi, na asiyepangiwa hapati.

Msidhani mnara huu wa kutibu migongo ni wa matajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno. Desemba 2023 likatoa mwongozo kwa huduma za msingi: mgonjwa aelimishwe, apewe mazoezi yanayomfaa, wala asizoeshwe dawa kali za jamii ya afyuni. Hapo panatakiwa mtu aliyefundishwa, muda na mkeka.

Basi tuhesabu! Tuseme wagonjwa ni 40, kila mmoja aonwe mara 4 kwa mwaka, dakika 20 kila mara. Ni mahudhurio 160, ni dakika 3,200, hazifiki saa 54. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 7 za mhudumu mmoja kwa mwaka mzima! Ongeza saa moja ya mazoezi ya pamoja chini ya mwembe kila wiki: saa 52. Ongeza nauli ya mtaalamu wa viungo aje kumfundisha mhudumu wetu. Ongeza fungu la rufaa, maana anayekufa ganzi miguuni, anayeshindwa kuzuia mkojo, au mwenye homa na kukonda, huyo si wa mkeka, awahishwe hospitali. Andikeni yote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa kuwa yule mama aliponywa siku ya Sabato: si leo, njooni siku nyingine! Nasi twasikia, "Kwanza malaria, kwanza wajawazito." Hakuna anayewanyang'anya hao haki yao. Bwana alijibu kwamba hata siku ya Sabato kila mtu humfungua ng'ombe wake akanywe maji. Ndugu yangu, pikipiki ikilia mnyororo unaiwahisha kwa fundi. Kiuno cha mama yako kimelia mwaka wa ngapi?

Amkeni! Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1; mpango huandikwa kabla. Kwenye kamati wamo wawakilishi wa wananchi, nanyi ndio wananchi. Mkristo na Mwislamu, nendeni pamoja, maana maumivu ya goti hayaulizi dini.

Yule mama aliinuka wima, akamtukuza Mungu. Wa kwetu bado ameinama. Kesho, kabla hujashika jembe, shika kalamu. Andika jina lake.