Opsheni Ipi Rahisi?

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, swali moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na halizidiwi na lolote isipokuwa lile la bumu litaingia lini. Opsheni ipi rahisi? Mwanafunzi wa sanaa na sayansi za jamii ameshapangiwa kozi zake za lazima, hapo hana la kusema. Zimebaki moja au mbili za kuchagua mwenyewe: utangulizi wa falsafa, mantiki, fasihi ya Kiswahili, akiolojia, sanaa za maonyesho. Majina mengine ndiyo kwanza anayaona. Basi anawauliza waliotangulia, nao wanamjibu kwa mkato: hiyo mteremko, ile inakamata.

Sisi tulioshamaliza huwa tunalicheka swali hili. Vijana wa siku hizi, tunasema, hawataki elimu, wanataka maksi. Mimi kicheko hicho kinanikera, kwa sababu anayecheka kwa kawaida ana ajira, na cheti chake kipo kabatini, hakiulizwi tena na mtu.

Hebu tufanye hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Chukua opsheni ya krediti 12. Aliyepata A anaandikiwa pointi 5, aliyepata C pointi 2. Tofauti hiyo ya pointi 3, ikisambazwa kwenye shahada nzima, inashusha GPA kwa 0.1. Utasema ni kidogo. Lakini vyuo vya umma vikitangaza nafasi ya mkufunzi msaidizi huwa vinataka GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na mwenye 3.7 hata aandike barua kwa wino wa dhahabu haitwi. Kozi moja tu, iliyochaguliwa na mtu wa miaka 19 katika wiki ya kwanza mjini, akiwa bado hajajua choo cha ukumbi wa mihadhara kiko upande gani.

Na mwaka huo wa kwanza kwetu unahesabiwa sawasawa na wa tatu. Kwingine wameliona tatizo. Uingereza, vyuo vingi vinakutaka uufaulu tu mwaka wa kwanza, maksi zake haziingii kwenye daraja la shahada. Chuo cha MIT kule Marekani kilianza mwaka 1968 utaratibu wa kumpokea mwanafunzi mgeni bila herufi za A wala C: umefaulu, basi, imetosha. Wenye utaratibu huo wanaweza kumwambia kijana, kaonje. Sisi tunamwambia kaonje, kisha tunamtoza.

Kwa hiyo anayeuliza opsheni rahisi si mvivu. Anajilinda, na ana haki. Ugomvi wangu uko kwenye neno lenyewe, rahisi, na kwenye kile linachomfanyia mtu baada ya hapo.

Ukisikia "falsafa inakamata", uliza kwanza: ni falsafa, au ni Kiingereza? Mtoto wa Kitanzania amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha sekondari akabadilishiwa lugha mwalimu akiwa bado anahangaika nayo mwenyewe. Anafika chuo, anapewa kurasa 20 za Plato kwa Kiingereza cha mfasiri wa karne iliyopita. Plato ambaye, ukimtoa kwenye hiyo nguo, ni watu wamekaa wanabishana. Wema ni nini? Unafundishika au mtu anazaliwa nao? Huo ubishi upo kila siku kwenye kijiwe cha kahawa, na wazee wa pale wangewakalisha wahadhiri wengi. Kijana anapata C, anarudi bwenini anasema falsafa ngumu. Mwakani anamwambia mwenzake hivyohivyo. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesema kilichotokea.

Upande wa pili ndiyo unanichekesha zaidi. Fasihi ya Kiswahili inajaa kwa sababu "Kiswahili nimezaliwa nacho". Waliotoka HKL wanaiona kama kurudia darasa. Wiki ya tatu wanaambiwa wahesabu mizani za utenzi, mishororo minne kila ubeti, minane minane, vina vitatu vikifanana na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima, tena kwa Kiswahili cha kaskazini kilichoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Vicheko vinapungua.

Halafu kuna mtego wa unene. Najua watu wanaochagua kozi kwa kutazama orodha ya vitabu na kuvipima kwa vidole. Sasa, *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba. Unaweza kukianza Mbagala na kukimaliza Mwenge siku yenye foleni, ukashuka kwenye daladala hujui umesoma nini. Hakina kisa cha kushika mkononi, na anayetafuta "maudhui na fani" kama alivyofundishwa kidato cha nne atatoka mikono mitupu. Mwandishi huyohuyo mwaka 1971 alitoa *Rosa Mistika*, riwaya ambayo mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuifuata mpaka mwisho. Hiyo ndiyo iliyopigwa marufuku mashuleni. Ugumu wake haukuwa kwenye sentensi. Ulikuwa kwenye yale inayoyasema kuhusu baba, binti na ukimya wa nyumbani, kiasi kwamba watu wazima hawakutaka kukaa nayo darasa moja na watoto wao. Je, huo ugumu tunauweka wapi kwenye mizani ya mteremko na kukamata? Hauna pointi. Mtu anaweza kupata A kwenye kozi iliyomnyima usingizi, na akapata C kwenye kozi ambayo haikumgusa popote.

Nadhani tunauliza ugumu kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoulizika. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa *Meno*, kuna swali ambalo naona lingefaa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ya usajili: utakitafutaje kitu usichokijua, na ukikipata utajuaje kuwa ndicho? Mwanafunzi hawezi kujua falsafa itamfanya nini kabla haijamfanya. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul aliandika kitabu kizima juu ya hili mwaka 2014: kuna mambo yanayokubadilisha kiasi kwamba wewe unayeamua siye utakayeishi na uamuzi. Yeye anazungumzia mambo mazito, kama kupata mtoto. Opsheni si mtoto, nakubali. Lakini nimeona watu waliobadilishwa na kozi moja ya muhula mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kwamba aliichagua kwa sababu alijua. Bei ndiyo inayojulikana mapema. Basi tunauliza bei.

Kuna watakaosema dawa ni uwazi, vyuo vitangaze kila kozi inatoa A ngapi na mwanafunzi aamue macho wazi. Mimi mwandishi wa habari, uwazi ni ugali wangu, lakini hapa nasita. Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani kilijaribu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kiliweka mtandaoni maksi ya katikati ya kila kozi, kwa nia njema, ili A ya kozi ngumu ijulikane thamani yake. Wachumi waliofuatilia, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, walikuta wanafunzi walizitumia takwimu hizo kuzikimbilia kozi zenye maksi za bei nafuu. Mwaka 2011 chuo kikaacha kuzitangaza. Yaani ule uvumi wa bwenini ulipewa muhuri na tovuti, ukafanya kazi ileile kwa haraka zaidi.

Na hapa ndipo uchaguzi unapoacha kuwa wa mtu mmoja. Kozi isiyojaza viti haidumu. Mhadhiri anayeona darasa la watu tisa anajua kikao cha idara kitasema nini, naye ana njia mbili: kulegeza mtihani, au kungoja kozi ifutwe. Simlaumu kijana mmoja mwenye mkopo na mama anayesubiri. Lakini mia tano wakihesabu hivyohivyo, yule wa mwaka kesho aliyetaka kweli kusoma mantiki ataikuta haipo, na hatajua nani aliiondoa.

Baada ya kusema yote haya, bado nasema: chagua rahisi ukihitaji. Ninachokataa ni kitu kinachofuata, ambacho nakiona kazini kwangu kila wiki. Ikija diwani ya mashairi kwa ajili ya ukurasa wa vitabu, wenzangu wanaisukuma mezani kwangu kama karatasi ya mchango wa harusi. "Mimi ushairi haunipandi." "Mimi si mtu wa falsafa." Watu wenye shahada, wanaoandika vizuri. Ukimchimba mmoja unakuta hajawahi kusoma kozi ya ushairi hata siku moja. Kuna mtu wa mwaka wa tatu alimwambia inakamata, akaikwepa, sawa kabisa, GPA ikapona. Ila baadaye ile hesabu ya maksi akaisahau, akabaki na hukumu: somo lile si langu. Woga wa muhula mmoja umegeuka kuwa tabia ya maisha, na anautaja kama vile anataja kundi lake la damu. Aliyesema "niliogopa C" bado ana mlango. Huyu wa "si mtu wa falsafa" ameufunga mwenyewe na anaapa ulikuwa ukuta.

Mwaka huu swali limenifikia mimi. Binti wa dada yangu, amesajiliwa majuzi, kaandika: "Shikamoo mamdogo. Falsafa na fasihi ya Kiswahili, ipi haikamati?" Marahaba, nikamjibu, kisha nikakaa na simu mkononi muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu. Jibu la haraka lilikuwepo. Lakini maksi zangu za miaka kumi na kitu iliyopita zingempa habari za mhadhiri aliyekwisha staafu, na za mimi nilivyokuwa, wala si za yeye. Kumwambia "fuata moyo wako" ndiyo ingekuwa mbaya zaidi. Moyo wangu hautalipa mkopo wake.

Nikamwambia aingie vipindi vya kwanza vya kozi zote mbili, maana vyuo vingi huacha wiki chache za kubadili. Achukue andiko la kwanza la kila kozi, asome kurasa mbili kwa sauti, aone anakwama wapi: kwenye msamiati, au kwenye wazo. Ukikwama kwenye msamiati kuna kamusi na kuna marafiki. Amuulize mhadhiri insha zinarudi na maoni au zinarudi na namba tu. Apige hesabu ya hiyo 0.1 kwenye karatasi, aione kwa macho, asiibebe kichwani kama zimwi. Na akiamua kukimbia, aniambie kwa maneno haya haya, kwamba amekimbia, ili mwakani nimuulize tena.

Amekwenda. Anasema kwenye falsafa mhadhiri aliwauliza kama ahadi uliyompa mtu aliyekwisha kufa bado inakufunga. Darasa likagawanyika, mmoja akalia, wengine wakaendelea kubishana nje mpaka mlinzi akawaambia waondoke anafunga ukumbi. Mwenzake wa chumbani ameshajaza fasihi, kasikia mteremko. Yeye bado hajajaza kitu. Ana mpaka Ijumaa.