Mzee Aliyesimama Juani

Somo: Mhubiri 9:14-15

Tarehe 20 Oktoba ndiyo siku ambayo hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952. Tuliiita Siku ya Kenyatta mpaka Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa, ili wote wakumbukwe, si mmoja tu.

Mwaka jana niliitwa kuomba kwenye sherehe hiyo. Nikapewa kiti ndani ya hema, na maji baridi. Bendi ikapiga, watoto wakaimba, mashujaa wakapigiwa makofi. Na pale mbele yangu, juani, mzee wa Mau Mau amesimama na fimbo yake. Saa nzima! Mimi mtumishi nimekaa tu, najiambia waandalizi watamletea kiti.

Mhubiri anasimulia maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake, kisha hakuna aliyemkumbuka. Angalia vizuri: waliosahau ni wale wale waliookolewa.

Roho alinihukumu. Nilipotoka kumtafuta, mzee ameshapanda matatu, ameenda.

Hapa kwetu pia tuko na mzee kama huyo. Magoti yamemzuia kuja ibadani tangu Pasaka. Jumanne saa nne naenda kwake. Nani tutaenda naye?