Namba Huzidi, Jina Halizidi

Jioni Malambo, mifugo inaporudi na vumbi la tambarare za Salei, mfugaji husimama kwenye lango la boma akitazama. Hahesabu. Lakini ng'ombe wa mwisho akishaingia anajua kwamba yule mwekundu mwenye baka begani hayupo. Muulize wameingia wangapi, hana jibu, wala swali lako halimpendezi: Wamaasai wa jadi hawapendi kuhesabu ng'ombe, sembuse watu.

Wahenga wa pwani wangemcheka. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema. Ila wao walikuwa watu wa biashara, na karafuu haina sura ya kuitofautisha na karafuu mwenzake. Daftari huanza pale sura zinapokwisha.

Woga wa kuhesabu watu si wa Wamaasai peke yao. Katika Biblia, Daudi aliwahesabu Waisraeli, tauni ikafuata, wakafa watu elfu sabini. (Hata hao, naona, mtu alikaa akawahesabu.)

Agosti 2022 karani wa sensa alipita na kishikwambi akiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Swali jepesi kwa mtu wa mjini. Kwa jamii ambayo kiangazi huwapeleka vijana ronjo, kambi za muda za malisho, pamoja na mifugo, mahali mtu alipolala jana hapasemi mengi kuhusu kwao. Lakini hesabu haitaki mengi. Inataka uwe si yule aliyekwisha kuhesabiwa, na uwe sawa naye. Laigwanani, kiongozi wa mila, mwenye mifugo isiyo na idadi ni mmoja. Kichanga cha juzi ni mmoja. Hao wote wamo ndani ya watu 61,741,120 wa Tanzania.

Usawa huo si jambo dogo. Marekani ilipoanza sensa yake mwaka 1790, katiba iliamuru kila mtumwa ahesabiwe kama tatu kwa tano, yaani sehemu tatu za mtu katika tano, na sehemu hizo ziliongeza viti vya bunge kwa majimbo ya mabwana zake. Kuhesabiwa kule hakukuwa kuthaminiwa. Mbele ya hilo, "mmoja" kamili wa Malambo ni heshima.

Hata hivyo namba ina tabia moja ambayo jina halina: huzidi. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 wakazi wake walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Walipotajwa kukaribia laki moja, mjadala ukageuka, ikawa "wamezidi", na kuanzia 2022 kaya zikaanza kuhamia Msomera, Handeni. Huenda ardhi kweli ilielemewa. Sibishani na hilo hapa. Nauliza tu: ni nani hasa aliyezidi? Mama mwenye watoto tisa anaweza kusema chakula hakitoshi. Ukimwambia watoto wake wamezidi watatu, atataka uwataje ni yupi na yupi, nawe utanyamaza.

Karani naye huanza na majina. Huyaorodhesha ya kaya nzima kabla ya lolote, asije akamsahau mtu, na kwa dakika hizo kazi yake ni ileile ya mfugaji pale langoni. Kisha majina hufungiwa, sheria inayalinda yasitoke. Inayotoka ni jumla.