Kutawakali Si Kuacha Kujitayarisha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziamrisha pepo zikatii, na akampa mwanadamu akili ili ajihifadhi kwayo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumepokea barua kutoka kwa kijana wa mji wetu huu aishiye Houston, katika jimbo la Texas, nchi ya Marekani. Tuliisoma katika darsa yetu baada ya sala ya Magharibi, tukaona kwamba masuala aliyoyauliza si yake peke yake, bali yatuhusu sote tulioko huku pwani, ijapokuwa theluji hatuijui ila kwa kusikia. Kwa hiyo tumeona ni wajibu juu yetu kumjibu mbele yenu, pasipo kumtaja yeye wala jamaa zake.

Anasimulia habari za mwezi wa Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipoikumba Texas. Nchi ile ni ya joto, na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa ajili ya joto. Maji yaliganda ndani ya mabomba, mabomba yakapasuka, taa zikazimika, na nyumba zikawa baridi kama kaburi. Usiku wa pili, nyanya yake akitetemeka chini ya mablanketi, ami yake aliyemlea tangu utotoni alitaka kuliingiza chumbani jiko la makaa ambalo hulitumia nje kuchomea nyama, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kijana akakataa. Ami akashikilia, kijana akalichukua lile jiko, akalitoa nje, akalimwagia maji mbele ya wageni waliokuwapo. Ami akamwambia kwamba wao wamekulia na makaa tangu kuzaliwa, na ajali ikifika haizuiwi na dirisha, na kwamba elimu ya shule imemla imani. Wakalala wote chumba kimoja, wamebanana, na kulipokucha wote walikuwa wazima. Lakini tangu siku ile mpaka leo ami hamsemezi ila kwa salamu tu.

Sasa anatuuliza: Je, alipungukiwa na tawakkal? Je, amepata dhambi kwa kumwasi mzee wake? Na Mwislamu afanye nini na udhu na Ijumaa katika baridi ya namna ile?

Kabla ya kumjibu, yatupasa tukiri jambo moja. Maneno ya huyo ami si mageni masikioni mwetu. Ni maneno yetu sisi. Mara ngapi tumekaa matangani kwa mtu aliyezama katika chombo kilichojazwa kupita kiasi, au aliyeangukiwa na ukuta uliokuwa na ufa miaka mitano, tukasema siku yake imefika, tukanywa kahawa, tukaenda zetu? Siku yake imefika, kweli. Hakuna Mwislamu awezaye kukanusha. Lakini yule aliyekijaza chombo, na yule aliyeuona ufa akanyamaza, nao wana hesabu yao mbele ya Mola wao. Sisi wenye vilemba hatukulisema hilo kama ilivyotupasa, basi twaomba msamaha.

Ama suala la kwanza, jawabu lake ni kwamba tawakkal haikuwa kamwe kuacha sababu. Imepokewa ya kwamba bedui mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na atawakali; naye akamwamrisha amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Nabii Nuhu (A.S.) aliahidiwa kuokolewa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na juu ya ahadi hiyo akaamrishwa kuunda safina. Nabii Yusuf (A.S.) aliijua njaa ya miaka saba kabla haijafika, wala hakusema imekwisha andikwa, aliamrisha nafaka iwekwe akiba katika mashuke yake. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kwamba tauni imeingia huko, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo.

Na wazee wetu wa pwani hii waliyafahamu haya bila kusoma vitabu vikubwa. Kusi ikikaza na bahari ikafunga, nahodha hakuling'oa nanga jahazi lake kwa kudai kwamba imani yake ni kubwa. Alilipandisha pwani, akalitia kalafati, akalipaka deheni chini na sifa juu, akashona matanga, akangoja kaskazi irudi. Kisha siku ya kusafiri akasoma Fatiha. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba manahodha wale hawakuwa na tawakkal? Lakini leo yuko miongoni mwetu anayetundika hirizi juu ya mlango, na bati juu ya kichwa chake limetoboka! Masika yakimwingilia hulalamika kwamba ametupiwa jicho.

Tena tazameni yaliyotokea Texas yenyewe, ili mjue kwamba ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwezi wa Februari 2011, baridi kali iliikumba nchi ile, mitambo ya umeme ikasimama, na watu wakakosa taa. Mwaka ule ule wachunguzi wa serikali kuu waliandika taarifa, wakashauri mitambo na visima vya gesi vikingwe na baridi. Ushauri ulisomwa, lakini wenye mitambo hawakulazimishwa, na wengi waliona gharama ni kubwa kwa jambo lisilokuja kila mwaka. Ikapita miaka 10. Baridi iliporudi mwaka 2021 kwa nguvu zaidi, visima vya gesi viliganda, mitambo ya kila namna ikasimama, na zaidi ya nyumba na maduka milioni 4.5 yakawa gizani. Idara ya afya ya jimbo lile ilihesabu watu 246 waliokufa kwa sababu ya dhoruba. 161 katika hao waliuawa na baridi yenyewe. Baada ya mazishi ndipo ilipotungwa sheria ya kuwalazimisha wenye mitambo kuikinga. Hawa hawakuwa watu wasio na elimu. Elimu walikuwa nayo katika makaratasi. Walilolikosa ni kuitumia elimu kabla ya msiba.

Sasa tuje kwenye jiko la makaa, kwani hapa ndipo penye roho za watu. Katika wale 246, watu 19 hawakuuawa na baridi, bali waliuawa na walichokitumia kujikinga nayo. Moto unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereketi macho. Makaa yaliyokwisha shika vyema, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo watu huyadhania kuwa salama, nayo ndiyo yanayoua. Sumu hiyo huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, kisha usingizi humlemea. Na aliyekwisha lala huenda asiamke tena. Mashine ya kuzalisha umeme, na motokaa iliyowashwa ndani ya banda lake, hutoa sumu ile ile. Kwa hiyo mashine huwekwa nje, mbali na madirisha, si chini ya mita 6.

Ami atasema: mbona sisi tumekulia na makaa, na hatukufa? Twamwambia kwa heshima: ewe mzee wetu, moto ni ule ule, lakini nyumba si ile. Mama zetu walipika uani, au katika jiko lililoezekwa makuti, upepo wa bahari ukipita huku na huku. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila tundu ili joto lisitoke. Na penye kuzuia joto lisitoke, sumu nayo haitoki. Tena hata hapa kwetu nyumba za ghorofa za siku hizi, zenye vioo na vyumba vidogo, si nyumba za wazee wetu. Na watoto wetu waendao kufanya kazi Nairobi na Limuru, wakashikwa na baridi ya Julai, wakaingiza jiko chumbani wakafunga mlango, hatari yao ni ile ile ya Texas. Imesihi kwamba nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na wenyewe, na Mtume (S.A.W.) alipopewa habari akawaambia watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Yule kijana alipolimwagia maji jiko lile alikuwa akiifuata amri hiyo, ajue asijue.

Ama suala la pili, la kumwasi mzee: hakuna utii kwa kiumbe katika jambo la kumwasi Muumba, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Kwa hiyo, ewe kijana wetu, kwa kukataa hukupata dhambi. Lau ungaliliacha jiko lile huku wajua madhara yake, ndipo ungalikuwa na hesabu nzito, kwa nyanya yako na kwa kila aliyelala chumbani. Lakini lililo haki hutendwa kwa adabu ya haki. Jiko lilikuwa lazima litoke. Ami yako hakuwa lazima aaibike mbele ya wageni. Ungaliweza kumvuta kando, ukamsihi, ukamwambia kwamba wamwogopea nyanya. Alilolitaka yeye lilikuwa jema, kumpasha joto mama yake; alikosea njia tu. Basi tumehukumu hivi: nenda kwake, mbusu mkono, mwombe radhi kwa namna ulivyotenda, wala usiombe radhi kwa ulilolitenda. Nawe ami, kama waraka huu utakufikia, pokea mkono huo. Kijana uliyemlea ameuhifadhi uhai wa mama yako. Hilo ni tunda la malezi yako, si aibu yako.

Ama suala la tatu, sharia yetu ni nyepesi kuliko wadhaniavyo wengi. Katika usiku wa baridi na upepo au wa mvua, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Na Ibn Abbas (R.A.) alifanya hivyo hivyo siku ya Ijumaa yenye mvua na matope. Basi penye dhoruba inayohofiwa, kubaki nyumbani si uvivu, bali ni kuikubali ruhusa ya Mwenyezi Mungu. Na anayeogopa madhara ya maji baridi, wala hana njia ya kuyapasha moto, hutayamamu, kama alivyofanya Amr bin Al-As (R.A.) vitani katika usiku wa baridi kali, na Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyetayamamu kwa sababu ya baridi huilipa sala ile baadaye. Na kwa kuwa theluji si udongo, anayeishi huko na aweke nyumbani mkebe wa udongo mkavu ulio tohara kabla majira hayajaingia. Hata huo ni katika kujitayarisha.

Na mengine ya kujitayarisha ni haya: maji ya kunywa kiasi cha lita 4 kwa kila mtu kwa siku, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa za wagonjwa, tochi, na nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine. Baridi ikiingia, watu wakusanyike chumba kimoja, wazibe upenyo wa milango kwa nguo, wala wasiwashe ndani moto usio na dohani. Mzee au mtoto aliyekuwa akitetemeka kisha akaacha, na maneno yake yakawa mazito, si kwamba amepata nafuu. Huyo yu hatarini, atafutiwe msaada upesi. Tena mtu asimsahau jirani, awe wa dini yoyote, hasa mzee akaaye peke yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba si muumini kamili yule anayeshiba na jirani yake ana njaa, na anayepata joto huku jirani yake akiganda ukutani mwake hali yake ni hiyo hiyo.

Nasi tulioko hapa, tusiseme kwamba theluji haitufikii. Masika yetu yanakuja. Mitaro imejaa taka, mapaa yametoboka, na vyombo vinajazwa. Kila mmoja wenu, kabla ya Ijumaa ijayo, na atazame jambo moja katika nyumba yake au mtaa wake ambalo amelijua muda mrefu akalinyamazia, alitengeneze. Kisha ndipo ainue mikono yake kuomba.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe ya manufaa, na upepo wetu uwe wa rehema. Wahifadhi watoto wetu walioko nchi za mbali, wapatanishe waliokosana, na utujaalie tuwe watu wa kusikia maonyo kabla ya kujuta. Amin.