Haki ya Mkono Utakaofungua

Imo katika Sahihi ya Muslim hadithi ya Shaddad bin Aus ambayo watoto wa chuoni hapa Kasongo huisikia Idi kubwa inapokaribia. Yasema kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, hata juu ya kuchinja, na kwamba mwenye kuchinja akinoe kisu chake ili mnyama apunguziwe taabu. Mimi ni fundi wa pikipiki, na kila niisikiapo hadithi hii mawazo yangu husimama pale kwenye kisu. Amri imeshuka mpaka kwenye chombo. Mtu anaweza kuwa na huruma tele moyoni, machozi yakamlenga, lakini kisu kikiwa butu yule mbuzi hakufaidi chochote katika huruma hiyo.

Swali langu ni kama amri ile inafika pia kwenye spana. Naamini inafika, na nataka kueleza kwa nini, maana wapo watu wa dini, tena wema, wanaodhani karakana ni mahali pa kutafutia riziki tu na ibada iko kwingine.

Swali lenyewe limeniingilia kwa mlango wa kawaida. Shemeji yangu, mwalimu wa shule kule Kabambare, amepata pikipiki, TVS iliyokwisha tumika, na anataka kuihudumia mwenyewe nyumbani. Ana sababu. Barabara ya kutoka kwetu kwenda kwao wanaijua wanaoipita: masika ni tope linalomeza gurudumu, kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya kabureta, na kati ya kijiji na kijiji unakutana na watu wanaosukuma kwa miguu baiskeli zilizosheheni mpunga na mafuta ya mawese. Pikipiki ikizimika hapo hakuna karakana ya kukimbilia. Akanipigia simu: “Shemeji, nichagulie seti ya spana za racheti, zile zinazolia tiki-tiki. Ziwe nzuri, lakini usinimalize mfuko.”

Kwa asiyeijua, spana ya racheti ina mdomo wa kawaida upande mmoja, na upande wa pili pete yenye gurudumu dogo la meno ndani yake. Kuna kijiulimi chenye springi kinachoyashika meno hayo mkono unapokwenda na kuyaachia mkono unaporudi, kwa hiyo huna haja ya kuitoa spana kwenye nati kila unapogeuza. Pete ya kawaida yenye kona 12 inataka nafasi ya nyuzi 30 kabla hujaichomoa na kuirudisha. Racheti ya meno 72 inatosheka na nyuzi 5. Nyuma ya moteri, pale ambapo chasi na bomba la moshi vimekaribiana na ngumi haipiti, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bolti itakazwa au itaachwa. Bolti nyingi nilizozikuta zimelegea hazikuachwa na watu wabaya. Ziliachwa na watu waliochoka, ambao mkono wao haukufika, wakajiambia itakaa tu.

Hapo ndipo ninapoanza kukiona kisu cha Shaddad. Chombo kinachofika kinamwondolea mtu kishawishi cha kusema itakaa tu.

Sokoni kwetu seti za namna hii zinafika kutoka Bukavu na Uvira, ndani ya boksi za plastiki au vifuko vya turubai, na zote zinang'aa. Mng'aro hauna ushahidi wowote. Mtume, amani iwe juu yake, alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, na muuzaji akaambiwa maneno makali ambayo kila mfanyabiashara Mwislamu anayajua. Mimi nanunua spana kwa mkono ule ule. Nakwenda na nati mpya mfukoni, naivika pete, naitikisa: ikicheza, seti hiyo itakula kona za nati. Naizungusha polepole karibu na sikio nikisikiliza kama milio inafuatana sawa, maana mahali inaporuka jino ndipo itakapomwangusha mtu akakwaruza vidole. Natazama unene wa ukingo wa pete, kwa sababu pete nene haiingii pembeni mwa chasi na pete nyembamba mno hupasuka. Natazama kama namba imegongwa ndani ya chuma au imepakwa rangi juu yake. Muuzaji akikasirika kwa kupimiwa namna hiyo, namwaga vizuri na kuhamia meza nyingine.

Nilipomweleza shemeji hayo yote akanijibu kwa hoja ambayo sikutaka kuipita haraka. Alisema: “Wewe, shemeji, unatengeneza pikipiki za watu, una amana. Mimi pikipiki ni yangu. Nikiharibu nati nimeharibu mali yangu. Kwa nini nisichukue ile ya bei ndogo?”

Ni kweli kwamba wanazuoni wamelizungumza zaidi jambo la fundi wa kulipwa. Imepokewa kutoka kwa Sayidna Ali kwamba aliwadaisha mafundi kile kilichoharibika mikononi mwao, akiona kuwa watu hawatengenezeki bila hivyo. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, alikuwa na rai nyingine: mwanafunzi wake Rabii bin Sulaiman amesimulia kwamba Imamu aliona fundi halipi ila pale mkono wake ulipovuka mpaka, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwachelea mafundi wabaya. Napenda sana habari hiyo. Mtu alikuwa na haki ya kusema jambo, na akalizuia kwa sababu alijua karakana zilivyo.

Lakini shemeji hakuuliza kuhusu dhamana, maana hana wa kumdai. Na jibu langu kwake limo ndani ya hadithi ile ile ya kisu. Mbuzi ni wako. Umemnunua kwa falanga zako, nyama yake ni yako, na bado umewajibishwa kunoa. Umiliki haukuifuta haki iliyo ndani ya kitu unachokimiliki.

Ataniambia nati haina uchungu. Sawa, haina. Ila nati ina jambo ambalo mbuzi hana: ni lazima ifunguliwe tena. Kila nati unayoikaza leo ina mkono mwingine unaoingoja, na huo mkono huujui. Huenda ni wa mwanao. Huenda ni wa kijana wa machimbo ya Namoya atakayeinunua pikipiki hiyo ukiisha kuichoka. Huenda ni wa msafiri aliyekukuta umelala na homa njiani, anayejaribu kukufungulia gurudumu usiku kwa mwanga wa simu, naye ana spana moja tu, ya kuazima. Ukiwa umezila kona za nati kwa pete iliyopwaya, au umeikaza kwa bega zima hapo palipotaka kiganja, umemfungia mtu huyo mlango kabla hajaingia mashakani. Hawezi kukulaumu wala kukudai, kwa kuwa hajui kama ni wewe. Haki ya namna hii haina hakimu hapa duniani, na ndiyo maana naihesabu kuwa ya dini.

Kuna aya moja katika Suratul Hadid inayotaja kushushwa kwa Kitabu, na Mizani ili watu wasimame kwa uadilifu, kisha papo hapo chuma, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Vitatu hivyo vimekaa pamoja. Mtu wa Kasongo hawezi kuisoma aya hiyo kwa wepesi. Chuma tunakijua kwa pande zake zote mbili. Njia ninayoizungumzia, hii ya kwenda Kabambare na kuendelea mpaka ziwa la Tanganyika na Ujiji ng'ambo yake, ndiyo iliyopitisha misafara ya pembe na ya watu waliofungwa shingo kwa minyororo, wakati Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alipolitawala eneo hili na mwanawe Sefu baada yake, mpaka majeshi ya Dhanis, afisa wa Kibelgiji, yalipouteka mji mkongwe wa Kasongo mnamo Aprili 1893. Na hao walioshinda nao walikuja na minyororo yao. Uislamu wetu na Kiswahili chetu vimetufikia kwa njia hiyo hiyo. Silifichi jambo hili kwa wanafunzi wangu wa karakana, na sioni kwamba imani yangu inapungua nikilisema. Inazidi kunilazimu kuuliza chuma kilicho mkononi mwangu kinamfanyia nani nini.

Maana Kurani inazo pete nyingine za chuma. Katika Suratu Saba, Nabii Daud analainishiwa chuma, anaamrishwa atengeneze deraya, na anaambiwa apime vizuri kuungana kwa pete zake. Deraya ni pete kwa pete, na mnyororo pia ni pete kwa pete. Pete ya deraya ikiwa nyembamba mkuki unapenya. Ikiwa nene mno aliyeivaa hawezi kutembea. Nabii mzima, mwenye ufalme na Zaburi, anapewa wahyi kuhusu kipimo cha pete ya chuma, na amri ya kutenda mema inafuata papo hapo, ndani ya aya hiyo hiyo. Bukhari amepokea kwamba Daud alikuwa hali ila kutokana na kazi ya mkono wake. Fundi akitafuta nabii wa kumwangalia, yupo.

Kadiri hiyo ya pete, kwetu ni kukaza. Bolti ndogo za kifuniko cha moteri, zile za spana 10, zinataka nguvu ya kifundo cha mkono basi. Wanaopima kwa mashine husema kiasi cha nyutoni-mita 10. Zimeingia kwenye alumini, na alumini ikikazwa kwa hasira hung'oka hesi na haina msamaha. Za 12 na 13 zinabeba mara mbili ya hapo na zaidi kidogo. Racheti ina hatari yake hapa, nami nilimwambia shemeji wazi: utamu wa ule mlio humfanya mtu aendelee kuzungusha bila kusikiliza mkono. Basi anapofunga, racheti iishie pale nati inapogusa, na mkazo wa mwisho ufanywe polepole kwa mdomo wa kawaida. Na anapofungua nati iliyoshika kutu, ailegeze kwanza kwa spana pete ya kawaida, kisha racheti ije kumalizia mwendo. Meno 72 ni madogo, kila jino linabeba kidogo. Anayevika bomba juu ya mpini ili kuongeza nguvu anayasaga.

Palibaki suala la kiasi gani anunue, nalo pia si la mfuko peke yake. Suratul Furqan inawasifu wasiofuja wala wasiobana, walio katikati, na mimi naona vyombo ni mahali ambapo watu wacha Mungu wanateleza pande zote mbili. Mmoja hujinyima spana nzuri akidhani ni zuhudi, kumbe gharama yake analipa yule wa kufungua. Mwingine hununua boksi la vipande vingi, nusu yake hazina bolti inayolingana nazo katika Maniema nzima, zikalala ndani zikizeeka huku mtoto hana daftari. Pikipiki za Kihindi na za Kichina tunazopanda huku hufunguka karibu zote kwa 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Nikamchagulia racheti tano, za 8 mpaka 14, moja moja bila boksi, na zile mbili kubwa za ekseli nikachukua za kawaida, ndefu, kwa kuwa ekseli inataka nguvu na haina shida ya nafasi. Nilichukua zenye kitufe cha kugeuza upande, ingawa zina bei zaidi. Ile isiyo na kitufe unaigeuza kwa kuichomoa na kuipindua. Lakini ukifungua bolti ndefu karibu na chasi, kichwa cha bolti hutoka kidogo kidogo mpaka kikaibana spana kwenye chuma, na hapo haichomoki wala hairudi nyuma. Chombo kisicho na njia ya kurudi sikitaki mikononi mwa mtu anayejifunza. Nikamtumia na kikopo cha grisi na neno moja la matunzo: vumbi letu likiingia kwenye meno, aoshe kwa esansi, akaushe, apake grisi kidogo sana.

Zilipomfikia alipiga simu tena, akashukuru, kisha akauliza lililokuwa linamsumbua kweli. Pale Kabambare jirani wote wamekwisha ziona. Wataazima. Je, akatae?

Nikamkumbusha Suratul Maun, ambayo anaisoma katika sala mara kwa mara kwa kuwa ni fupi. Inamalizia kwa kuwalaumu wanaozuia maun, na Ibn Masud aliifafanua kuwa ni vile vitu watu wanavyoazimana: shoka, chungu, ndoo. Spana imo humo bila shaka yoyote. Akasema: “Na akivika bomba, shemeji, akaniulia meno?” Nikamwambia sheria ya ariya, yaani ya kuazimana, kwetu inamdai mwazimaji alipe anachokiharibu kinyume cha matumizi yake, lakini asingoje kufika huko. Awaazime. Zile za kawaida awape tu. Za racheti aende nazo mwenyewe mpaka kwenye pikipiki ya jirani, alegeze nati ya kwanza kwa mkono wake huku jirani akitazama, kisha ampe amalizie.